Jiwe la Mkono wa Kushoto

Tulikuwa tumeshuka hadi kiunoni
kwenye udongo mwekundu wa kando ya Kafubu,
pale maji yanapoanza kuchungulia chini,
sepetu yangu ikalia kii,
kama jino lililouma kijiko.

Sikumwita mtu. Nililisugua kwa mate.
Jiwe jeupe, kadiri ya nusu ya kitunguu,
upande mmoja mgongo, upande mmoja wembe.
Nililijaribu mkono wa kulia, likanikataa.
Nikalihamishia kushoto, mkono wangu wa kazi:
likakaa, gumba likapata kishimo chake,
kana kwamba niliwahi kuliazima mtu
na sasa limerudishwa.

Kapepula, aandikaye hesabu kwa makaa juu ya bati,
alisema: Mawe ni mengi, Musonda. Chimba.
Lakini mwalimu Kibawa, aliyefuata matofali yake mia nane,
aligeuzageuza, akasema limechongwa,
na watu wa kabla ya jembe,
kabla mji huu haujaazima jina la kijito,
kabla ya shaba.

Kabla ya shaba!
Huku kwetu hiyo ni kama kusema kabla ya mama.

Tangu siku ile sichimbi peke yangu.
Nawaona: ishirini, labda thelathini,
moshi wao umelala chini kwa baridi ya kiangazi.
Mmoja anajua mluzi wa kumwita ndege wa asali.
Mwingine anajua uyoga upi unaua
kwa sababu alimzika dada yake.
Wanawake wamerudi na mizizi minene kama paja,
wawindaji wamerudi na hadithi.
Usiku ule watu wanakula mizizi,
hadithi inakuwa kitoweo.
Kesho yake ni zamu ya nyama,
na aliyebaki kumlinda mtoto mwenye homa
anapewa kwanza, hata mkuki hajaushika.

Hawakuwa na kapita. Hilo ndilo linanisumbua.
Nani alisema: wewe shika moto,
wewe zunguka nyuma ya kichuguu, usikohoe?
Lazima waligombana.
Siamini kwamba ini liliwahi kugawanywa kimya kimya
popote duniani.

Tumeambiwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Sawa. Lakini hatukuambiwa vidole vilipatana vipi,
wala kidole kilichovunjika kilikula nini.

Maana sisi tuko sita, na wa sita ni Ngosa,
aliyeangukiwa mguuni na ukuta wa tanuri.
Wiki ya tatu sasa amelala kwake Katuba.
Asiyekanyaga udongo hana tofali, anasema Kapepula,
na bati lake halina kosa, nimelihesabu mwenyewe mara mbili.
Chibwe hufunga kamba za viatu
kila jambo hili linapotajwa.
Chibwe havai viatu vya kamba.

Jumamosi tulifungua tanuri, tukauza,
tukanunua utumbo na ini la mbuzi.
Kisu kikakosekana.
Nikatoa jiwe mfukoni.

Lilikata. Naapa.
Baada ya miaka ambayo hata mwalimu hakuthubutu kuitaja
lilipita katika ini bila kuuliza njia.
Vipande vitano, niliwaza.
Mkono wa kushoto ukakata sita.

Kapepula alitazama kipande kile. Akatema mate pembeni.
Akamega bukari, donge zima, akaliweka kando yake,
kisha akakumbuka bati lake:
Hiyo ni nyama tu, alisema. Si matofali.
Nyama tu, nikasema.

Kutoka Kafubu hadi Katuba ni mbali kwa miguu.
Mchuzi ulivuja, ukanichafulia suruali,
na Ngosa, badala ya asante,
aliuliza chumvi iko wapi.